Ng'ombe Niliyempa Keith

Jumapili, 8 Juni

Mimi Mutsinzi ni mzee mpumbavu. Naandika hilo kwanza, mengine yafuate.

Wajukuu wana siku tatu hapa Kicukiro, likizo kutoka Dar. Keith miaka saba, Shami mitano. Leo mchana tumekaa uani, Keith kanywa ikivuguto vikombe vitatu, kaomba cha nne. Mtoto aliyekuja akisema maziwa ya kuganda yameharibika! Kichwa kikanivimba. Jirani yetu Béatha yupo, mchungaji wa kanisa yupo. Nikasimama — na fimbo, eti — nikatangaza nimemgabira Keith, yaani nimemzawadia, Gaju, ng'ombe wangu anayelishwa na mdogo wangu Mugenzi kule Nyagatare. Ukimpa mtu ng'ombe mbele ya mashahidi, kwetu neno halirudi. Makofi. Mke wangu Kabagwira akatoa machozi. Nikakaa. Ndipo nikakumbuka Gaju alikufa Februari.

Alikufa akizaa, yeye na ndama. Mugenzi alinipigia simu siku ile ile. Kabagwira sikumwambia, maana Gaju ni uzao wa ng'ombe niliyemtoa kwa mahari yake. Nikasema nitamwambia baada ya Pasaka. Pasaka imepita. Kila mara akiuliza habari zake namjibu: amenenepa. Miezi minne namnenepesha marehemu, mpaka nikauamini uongo wangu mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Kabagwira kamfundisha Keith kwamba aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa. Basi imekuwa kutwa nzima: "Yampaye inka Babu!", yaani Babu alinipa ng'ombe. Amenawa mikono? Yampaye inka Babu. Si yeye aliyemaliza parachichi? Yampaye inka Babu. Mikono ilikuwa myeusi. Nikitaka kumkanya, chai inanipalia.

Shami naye akadai wake. Bibi yake kamwahidi ndama wa kwanza wa Gaju. Ukarimu umeingia nyumba hii kama mafua.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikuwa golikipa. Nikaruka. Sasa nimelala kifudifudi, Kabagwira ananichua mgongo, Shami kanikalia miguu ili nisitoroke. Sijacheka hivi tangu nistaafu. Nina furaha — naandika wazi, hakuna anayesoma.

Keith kamchora Gaju, kabandika kwenye friji. Pembe kubwa, na mimi pembeni, nafika magotini mwake. Jioni binti yangu Umuhoza, mama yao, kapiga simu: mumewe anataka kuja Agosti na ndugu zake kunishukuru kwa ng'ombe, kama desturi inavyotaka. Kutoka Dar! Wenzangu hudanganya wakanufaika. Mimi nakaribisha wageni.

Jumapili, 15 Juni

Niliamua kumwambia Kabagwira ukweli baada ya ibada. Nilifungua mdomo. Nikasema maharage hayana chumvi.

Chumvi ilikuwepo. Kanuna mpaka sasa.

Jumatano, 18 Juni

Mugenzi alicheka simuni hadi akakohoa. Ana ng'ombe mwingine wa rangi ile ile. Ng'ombe ni ng'ombe, anasema, mtoto atajuaje? Nikakubali haraka, kwa aibu. Tutaenda Jumamosi.

Sijakata simu vizuri, Kabagwira kutoka jikoni anasema naye anakuja. Ana hamu na Gaju. Wakati wa korona alikwama Nyagatare miezi mitatu, akamlea Gaju, akiwa bado ndama, kwa mkono wake. Mtoto hatajua. Huyu atajua.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho. Chakula cha jioni kimenishinda. Kabagwira anasema ni malipo ya maharage.

Jumamosi, 21 Juni — Nyagatare

Nimekaa kwenye kigoda nje ya lango la Mugenzi na daftari hili, najifanya nina kazi. Mugenzi amekwenda kutafuta kamba, kwa hiari yake. Mwoga mwenzangu. Wengine wako zizini, nawaona.

Keith amemkumbatia yule ng'ombe shingoni. Shami anamnyoshea majani kwa mbali, anarudi nyuma, anamnyoshea tena. Kabagwira amemzunguka mara moja, taratibu. Amempapasa mgongo. Sasa amesimama tu.

Shami anauliza, "Bibi, ndiye Gaju?"

Ananitazama juu ya mgongo wa ng'ombe. Laiti angekasirika! Macho yamemjaa machozi. Amejua yote, hata ni tangu lini namdanganya. Ng'ombe wake amekufa bila yeye kuambiwa, kwa sababu mumewe aliogopa machozi haya haya.

"Kamuulizeni Babu," anasema, kwa sauti ya kunifikia. "Yeye ndiye aliyetoa."

Keith anakuja mbio, ndala mkononi. Nimeandaa uongo wa aina mbili, mmoja mzuri kabisa. Shami yuko nyuma yake. Kabagwira hajasogea.

Keith amefika. Kwanza anataka kujua ninaandika nini. Ameegemea bega langu, anahema, ananukia zizi. Kiswahili anakisoma vizuri, huyu, mwalimu wake anamsifu.

Ameanza juu ya ukurasa, kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Mkono wangu ungetosha kufunika. Naandika pole pole ili anifikie