Samaki na Chungu Chake

Jumatatu, 2 Oktoba

Treni ya Woolwich imechelewa tena. Nimefika ofisini nimelowa chapachapa. Chai ya mashine haina ladha. Yote sawa, leo sinuni. Ripoti yangu ya mkataba wa uvuvi kati ya Ulaya na kwetu ilitoka Ijumaa na leo ilikuwa siku ya kupongezana. Mkurugenzi kapita mezani kwangu, kasema kazi safi. Miaka minane niko kwenye taasisi hii, nasoma sera za Umoja wa Ulaya mpaka macho yanauma, na ndiyo mara ya kwanza anasimama hapo bila kutaka kitu. Anasema hata Brasels wanaizungumza. Sentensi inayowafurahisha wote ni ile ya ukurasa wa kumi na mbili. Nikajichekea kimoyomoyo. Ile niliipigania mwenyewe.

Jumanne, 3 Oktoba

Gazeti la kwetu limeidaka ile sentensi. Ukurasa wa mbele. Kwetu wapi, siandiki hata humu.

“Samaki tumewauza, na chungu tukawapa bakshishi.” Wameirudisha kwenye Kiswahili na imerudi vile vile ilivyotoka mdomoni.

Ripoti inasema ni maneno ya mshiriki mmoja wa kikao chetu cha faragha cha Juni. Ndiyo kanuni yetu, na ya kila taasisi ya aina yetu mjini hapa: yaliyosemwa chumbani ruksa kuyatumia, aliyeyasema marufuku kumtaja. Sikumtaja. Si jina, si cheo, si nchi, si mwanamume wala mwanamke. Nimefuata kanuni.

Mbona basi naisoma tena na tena?

Alhamisi, 5 Oktoba

Hamid kapiga simu. Sauti kavu.

Hamid ni afisa biashara kwenye ubalozi wetu. Tulisoma pamoja, sikukuu zote anakula kwangu, mwanangu Salha anamwita mjomba. Kikao cha Juni nilimwalika mimi. Mzaha wa chungu ni wake.

Waziri kausoma. Na waziri huyo huyo alikuwapo mwaka jana Hamid alipoutoa mara ya kwanza, kwenye mkutano wa wizara, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Waziri hakucheka. Sasa kaukuta kwenye ripoti ya London. Jina la nini tena?

Ee Mola wangu. Nilificha jina la mtu nikauacha mdomo wake nje.

Wenzangu ofisini wangeandika “mshiriki mmoja alilalamikia masharti ya mkataba”, basi, na mtu asingejua. Mimi nikaona uchungu kuipoteza ile ladha. Nikaitafsiri neno kwa neno, nikakaa nikaisoma kwa sauti, nikajisifu. Mjinga wa kutupwa mimi. Nimempalia mwenzangu makaa.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimemwomba mkurugenzi sentensi iondolewe. Kakataa kwa upole, na biskuti kanikaribisha. Kuiondoa ni kukiri kwamba kuna mtu tunamficha.

Nikamwambia, basi tuwaandikie ubalozini kwamba aliyesema si Hamid. Hapo kaniangalia kama nimemtukania mama. Kanuni hairuhusu kuthibitisha wala kukanusha. Ukimkanushia mmoja, kesho wataulizia wa pili, na wa tatu, na utakayemnyamazia ndiye. Ana haki, na hilo ndilo linalonitia wazimu. Kanuni iliyowekwa imkinge Hamid ndiyo hiyo inayotufunga midomo.

Nimelia chooni, maji ya bomba yakiwa wazi wasinisikie.

Jumamosi, 7 Oktoba

Hamid kaja. Ameitwa arudi. Ndege ya Alhamisi.

Anajua kinachomngoja. Mwenzake wa wizarani aliyedaiwa kutoa siri yuko rumande mpaka leo, kesi yake inapigwa kalenda tu. Nikamwambia abaki hapa, aombe hifadhi. Kaniuliza, na mke wangu? Na mama? Wote wako kule.

Salha, miaka kumi na minne, kamletea chai, kamwuliza kwa Kiingereza chake mbona leo hacheki. Hamid kamwambia jino linamuuma.

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Mlangoni tu, anavaa viatu, kasema: “Bi Zuhura, ungekiharibu Kiswahili changu kidogo tu.”

Jumatatu, 9 Oktoba

Mwanasheria kasema hawezi kufanya kitu mpaka mtu akamatwe. Ofisi ya mbunge wamenipa fomu. Mama mmoja wa Brasels niliyemdhani rafiki anasikitika sana. Wote wanasikitika sana. Watu wa ajabu, wanasikitika huku wanaangalia saa.

Siku tatu. Maji yamenifika shingoni, na nimeyafungulia mwenyewe.

Nimerudi kwa miguu kutoka stesheni, nimepita sokoni bila kununua kitu. Nikawa nawaza hivi. Mzaha ule ulichekwa na chumba kizima kule wizarani. Chumba kizima kina midomo. Unaweza kuwa umefika popote, kwa yeyote. Umefika hata hapa, kwa mwanamke mmoja mwenye ripoti isiyo na chumvi.

Nafikiri nimeona njia. Naiogopa.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimeandika barua. Fupi. Kwamba kikao cha Juni hakuna mtu aliyesema maneno yale. Kwamba ni mzaha niliousikia mitaani kwa watu wa kwetu, nikamzushia mshiriki asiyekuwapo ili ripoti ipendeze. Uongo mtupu, kuanzia tarehe kushuka chini. Nakala ubalozini, nakala gazetini. Nimezituma kwanza, ndipo nikampelekea mkurugenzi, asipate nafasi ya kunizuia.

Mkurugenzi ndiye aliyeongoza kikao kile. Hamid alikaa upande wake wa kulia. Alimsikia, akacheka, akaandika kwenye karatasi yake. Anajua nadanganya. Na hawezi kulisema, maana akilisema amemtaja Hamid.

Kasoma. Kavua miwani. Halafu kaniomba kadi ya mlangoni.

Mtafiti akizusha chanzo, kazi yake imekwisha. Si hapa tu, mji mzima. Nilikuwa nalijua.

Jumatano, 11 Oktoba

Wameiondoa ripoti yote. Nilidhani wangekata ukurasa ule tu. Miaka miwili ya kazi, mahesabu ya samaki, mahojiano na wavuvi walionikaribisha majumbani mwao wakanieleza shida zao wakijua zitafika mahali. Yote kweli tupu, uongo ni barua yangu tu. Sasa wenye mkataba wanatembea vifua mbele. Kumbe ripoti yenyewe ya uzushi, wanasema! Wataongeza muda wa mkataba, na hakuna atakayethubutu kunitaja akiupinga.

Nimewatupa watu chungu nzima kwa ajili ya mtu mmoja. Sijui kama nimefanya vyema. Sijui, sijui. Mtu huyo hapokei simu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ndege imeondoka saa nane mchana. Sijui kama yumo.

Nimesafisha jiko mara tatu.

Jumapili, 15 Oktoba

Mvua imekatika. Nimefua, nimeanika.

Gazeti la kwetu limechapisha barua ya Hamid. Ananiita mzushi, mwanamke asiye na haya, aliyetafuta sifa kwa kuichafulia nchi yake jina. Anasema hanijui zaidi ya kunisalimia. Barua imenyooka, haina hata nukta iliyokosewa. Chini kabisa jina lake, na cheo chake, Afisa Biashara, na mji: London.

London. Hakupanda. Hawamwiti tena. Alhamdulillahi. Nimekaa kwenye ngazi nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Hatapiga tena simu, wala mie sitapiga. Tukionekana tumekaa pamoja hata kwenye basi, yote haya ni bure.

Wenzake Salha wa madrasa wamemtumia ile barua. Kaja jikoni na simu mkononi, kaniuliza kama ni kweli, kama nilizusha. Nilitaka kumwambia. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini mtoto ana marafiki, na marafiki wana mama zao.

Nikamwambia ndiyo, ni kweli.

Kaniangalia. Kasema sawa. Akachukua sahani yake, akaenda kula chumbani kwake.