Kengele Ambayo Sikuiangusha

Tengachaya, Nishinari,
Osaka.
18 Februari

Mpendwa Dada Tomiyo,

Hujambo, dada yangu? Shemeji Anselmo naye, kifua chake kimetulia? Najua huko Londrina mnatokwa jasho. Sisi huku baridi imetukaba, nakuandikia miguu ikiwa chini ya meza ya joto na chungwa liko mkononi. Mimi mzima, ila bega, nalo nitalifikia.

Uliniuliza kwa nini kadi ya mwaka mpya ilikuja na jina langu peke yake. Miaka kumi na minne majina yetu mawili yamekaa pamoja kwenye kadi hiyo, na jicho lako halikosi kitu. Yasuaki hajafa wala hajanifukuza. Lakini lipo jambo, na katika ukoo wetu mzima ni wewe tu ninayeweza kukuambia, maana ulipomwacha mume wako wa kwanza ulitaja sababu waziwazi mezani, wengine wote wakainamia supu zao.

Mume wangu na mimi tuna mchezo wetu wa chumbani. Nafungwa macho, nazibwa masikio, halafu sijui kitakachonigusa: unyoya, barafu, au tone la nta ya mshumaa. Usishtuke. Hakuna anayelazimishwa, kila kitu tunakubaliana kabla, tukiwa na nguo zetu na chai mbele yetu. Nina miaka arobaini na miwili, dada, na sikuwahi kujua kwamba ngozi yangu ina masikio.

Hatukutaka kubahatisha, tukatafuta wanaojua. Tulipata kikundi kidogo hapa hapa mjini, hukutana Jumapili mchana juu ya duka la mikeka. Mara ya kwanza walitukaribisha mkahawani tu, wakatuuliza maswali mpaka kahawa ikapoa. Mkubwa wao ni Bi Kuwabara, muuguzi mstaafu mwenye mdomo wa muuza samaki. Kwake hakuna pombe. Nta ni ya mishumaa maalumu isiyo na moto mkali, na anayeushika mshumaa huidondosha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Aliyefungwa macho hushika kengele ndogo. Akiiangusha, kila kitu kinasimama.

Desemba mishumaa hiyo ilituishia. Yasuaki akachukua ule wa kwenye kabati la ibada, tunamomkumbuka marehemu mama yake. Alidhani mshumaa mdogo, moto mdogo, hata hakuujaribu. Tone la kwanza liliniunguza bega, nami sikuiangusha kengele. Niliikaza ndani ya ngumi ili isilie. Likaja la pili, likaja la tatu. Aliponifungua macho akaona malengelenge, akanikimbiza bombani. Maji yalitiririka dakika ishirini, yeye analia, mimi namwambia si kitu.

Si unawajua madaktari wa meno wa kwetu? "Ukiumia, inua mkono." Nani katika ukoo wetu amewahi kuinua mkono? Mama Mkubwa aling'olewa magego mawili, akatoka akiomba radhi kwa usumbufu.

Tangu siku hiyo Yasuaki hakunigusa. Bakuli la wali alikuwa ananiwekea mezani, vidole visije vikakutana. Godoro lake akalihamishia chumba chenye kabati la ibada, na kule nako hakuwasha tena mshumaa. Kisha kazini wakampa nafasi mji wa mbali, Niigata, miaka mitatu, aende peke yake. Alitakiwa kujibu Jumatatu iliyopita. "Huko mikono yangu itakuwa mbali nawe," aliniambia. Niliogopa, dada. Nilijua akienda, ndiyo basi.

Kikundi kina desturi: aliyepata ajali huisimulia mbele ya wenzake. Nikamsihi aje mara moja tu, Jumapili hiyo, kabla ya kujibu kazini. Alikuja, akaketi karibu na mlango na koti lake mwilini. Alisimulia yeye, na lawama zote akajitwisha. Bi Kuwabara akanigeukia mimi.

"Na kengele ilikuwa wapi?"

"Mkononi."

"Mkono ulikufa ganzi?"

"Hapana."

"Sasa we mama, ulikuwa unangoja nini, medali?"

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Nikasema nilichoshindwa kukisema nyumbani: kwamba niliona aibu kumkatiza, na kwa aibu hiyo nikamwacha aniunguze bila yeye kujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yasuaki akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Baba, vua koti," alisema Bi Kuwabara. "Leo hakuna moto, barafu tu. Na wewe Chigusa, usichokipenda, hata kiwe kidogo vipi, angusha. Usipoangusha, sitaki kuwaona tena hapa."

Wakanifunga macho. Yasuaki wakampa barafu, nayo ikanigusa kifundo cha mkono. Hapo nilipenda. Ikapanda hadi kiwikoni, nikapenda. Ikahamia shingoni kwa nyuma, nikachukia. Na vidole vyangu, dada, vikajifunga vyenyewe juu ya kengele kwa mazoea. Niliogopa kuliko siku ya moto. Nikavifungua kimoja kimoja.

Ililia kidogo tu ilipogusa mkeka, na barafu ilikuwa imeshaondoka.

"Nimeacha," alisema Yasuaki. "Umeniambia, nimeacha. Umesikia, Chigusa? Nimeacha." Kisha akaushika mkono wangu mbele ya watu wote.

Jumatatu aliikataa Niigata. Godoro bado liko kule kule, lakini mlango sasa anauacha wazi. Leo asubuhi nilisikia harufu ya kiberiti kutoka kwenye kabati la mama yake, nikalia juu ya supu. Bega limepona, imebaki alama ya ukubwa wa punje ya kunde.

Nisalimie Anselmo, na Rosana na mumewe. Mama Mkubwa mbusu kwa niaba yangu, ila barua hii usimsomee. Waliotutangulia wawatazame kwa jicho jema, na wewe wakupe usingizi usio na deni la maneno.

Nimempa Yasuaki aisome kabla sijaifunga. Ameisoma mara mbili, akaomba kalamu.

Wako akupendaye,
Chigusa

na Yasuaki