Mafuta ya Mutura kwenye Simu ya Kiarie

Nzilani wacha chenye unafanya usome. Ni kuhusu Lydiah wetu.

Leo hapa kanisani Buru watoto na wazazi walikuwa wanafunzwa usalama wa simu. Lydiah akaja na binti yake Mukami, na shemeji yake Kiarie, ametoka kula mutura, ile soseji ya matumbo ya kuchoma, bila kunawa. Ptuu!

Mwalimu akawaambia ukiinamisha simu kwa mwanga, alama za vidole zinaonyesha ule mchoro wa kuifungua. Kiarie akatoa yake kwa madaha. "Jaribu ya uncle. Hutaweza."

Mukami akafuata mafuta kwa kidole. IKAFUNGUKA.

Ikafungukia meseji alikuwa anaandika. "Cucu, ni mimi, simu yangu imeanguka kwa maji, tuma kwa hii namba." Nzilani, ni ILE ILE! Ile iliyokula pesa ya dawa ya Cucu, nyanya yake Mukami. Mama mzazi wa Kiarie! Na ni huyo huyo Kiarie aliongoza maombi ya kumlaani huyo mwizi!

Lydiah akanyoosha mkono aipokonye. Mukami naye akaisoma kwa sauti, akidhani ni mfano wa somo. "Mwalimu, nimepata?"

Wazazi wengine wakadhani hivyo hivyo, wakampigia makofi.

Na Kiarie, na hiyo mikono ya mafuta, akapiga pia.