Hodhi la Bibi Isolina

Kichochoro cha Nyuma ya Kanisa,
Colonnata, Carrara.
12 Oktoba

Mpendwa mwanangu Noelia,

Salamu nyingi zikufikie huko ng'ambo Tandil, wewe na wazazi wako. Hamjambo? Lile goti la baba yako limepona, au bado anachechemea na kusingizia viatu? Sisi tunaendelea. Mume wangu Silvano ameanza kukohoa kama kila vuli, nami nagombana naye kila asubuhi avae fulana. Mvua zimewahi mwaka huu, na mto unateremka mweupe kwa unga wa mawe hadi mjini. Mimi mwenyewe sina ugonjwa, ila moyo wangu hauna raha, na ndiyo sababu ya kuandika.

Tangu Pasaka hujapiga simu. Kwanza nilisema ni masomo, kisha nikasema ni kazi, mwisho nikaishiwa visingizio vya kukutafutia. Ndipo baba yako aliponiambia kwamba ulisikia habari ya hodhi, ukalia, ukaapa hutathubutu tena kututazama usoni. Mwanangu, hujasikia yote. Soma hadi mwisho kabla hujalia tena.

Siku ile ya Septemba ya mwaka jana mimi nilikuwa nimeshuka sokoni Avenza. Niliporudi nilisikia harufu ya dawa kabla sijafika kwenye ngazi za chumba cha chini. Nikakukuta umekunja mikono ya shati, umepiga magoti ndani ya hodhi la marumaru la bibi yako, brashi mkononi, na chupa ya dawa ya kung'arishia choo iko tupu pembeni. Hodhi lilimeta. Ulinitazama umejaa furaha, ukasema umenipunguzia kazi.

Hukujua, na nani angekuambia? Kwenu mafuta ya nguruwe hutoka dukani. Huku hodhi halioshwi kwa sabuni tangu siku linapochongwa. Tunalisugua kwa kitunguu saumu, tunapanga ndani yake mapande ya mafuta ya mgongo wa nguruwe kwa chumvi, rozimari na pilipili manga, tunafunika, tunangoja masika. Jiwe hunywa kila linachowekewa, na lile lilikuwa limekunywa kazi ya mikono ya bibi yako maisha yake yote. Babu yako ndiye aliyeliteremsha kutoka machimboni, enzi zile mawe yalipoteremshwa kwa kamba juu ya magogo yaliyopakwa sabuni, akalichonga mwenyewe, akampa walipooana.

Naye babu alikuwa pale pale, ukumbuke. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameshika mpira wa maji, anakusuuzia. Nilidhani amerukwa na akili. Nikamwita jikoni nikamuuliza kwa nini hakukuzuia. Kumbe alikuwa amesinzia juu, na aliposhuka alikuta dawa imeshamwagwa.

"Sasa ningemwambia nini?" akaniuliza. "Kavuka bahari nzima kuja kuniona, nimrudishe kwao na aibu? Zelinda, hebu funga hilo domo lako."

Nikalifunga. Ukaondoka na picha zako za machimboni na lile jiwe dogo uliloliokota barabarani, na hakuna aliyekuharibia safari.

Baada ya hapo babu alihangaika na hodhi lile kama anayeuguza mtu. Alilisuuza, akaliacha wazi lipigwe na upepo, akalisugua kitunguu saumu hadi vidole vikamchubuka. Nilimshauri aazime hodhi la jirani yetu Orlanda kwa msimu mmoja tu. Hakutaka hata kusikia. Wewe ulikuwa ukimpigia simu kila Jumapili na kuuliza mafuta ya hodhini yanaendeleaje, naye alisema hawezi kumsimulia mjukuu wake habari za hodhi tupu. Basi akayapanga humo humo, safu kwa safu, na kifuniko akakirudisha.

Siku ya kulifungua, kama desturi yetu, mlango tuliuacha wazi na majirani wakaja na mikate yao. Wote walikuwa wanatazama mdomo wa babu, kwa maana mwenye hodhi ndiye huonja kwanza. Akaweka kipande juu ya mkate wa moto, akatafuna, akameza, akajikatia cha pili. Akasema labda chumvi imezidi kidogo. Orlanda akaonja, kisha akatema kiganjani.

"Ardelio, haya ni mafuta au ni sabuni ya kufulia mashuka?"

"Wewe meza tu," babu akamjibu. "Huenda roho ikatakata."

Watu wakacheka, lakini Orlanda unamjua, akishika jambo haliachi. Akataka kuambiwa ni nani aliyelitia dawa hodhi la marehemu Isolina, huku akinikodolea macho mimi. Nilikuwa tayari kusema. Babu akaniwahi.

"Nililiosha mimi. Uzee huo, mama. Nilidhani nasafisha choo."

Ukubwa jalala. Tangu siku hiyo wenzake wa baani wakamwita Mzee Sabuni, naye akawapa sababu ya kuendelea. Akawa anaacha kofia makusudi, anasahau zamu yake kwenye karata, anamuuliza mwenye baa jina lake, ilmradi wasiache kuamini na kuanza kutafuta mkosaji mwingine. Akirudi nyumbani ananikonyeza. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma, na nikampigia baba yako kumsimulia, nikijua naye atacheka. Hakucheka. Alikuja kukufokea wewe, na simu za Jumapili zikakoma hapo.

Babu aliendelea kukaa karibu na simu baada ya chakula. Hakulalamika. Nikimtazama anasema una mitihani, au kwamba huko kwenu sasa ni usiku, ingawa anajua vizuri si usiku. Nitakuambia kweli, mwanangu: kwa habari ya hodhi sikukukasirikia hata kidogo, ila kimya chako kiliniudhi, na bado kinaniudhi. Mzee wa umri ule hawekwi kusubiri.

Kisha kiangazi kikaingia, akaacha jiko la gesi likiwaka. Tukacheka. Akavaa koti la Silvano akaenda nalo mjini. Tukacheka. Siku moja madereva wa malori walimkuta kwenye njia ya zamani ya machimbo, anawatafuta wenzake wa kazi ya kamba ambao wengi wao tuliwazika zamani, na hata hiyo baani waliifanya hadithi ya kuchekesha. Mimi nilimwambia, "Baba, imetosha sasa, Orlanda ameshaamini." Alinitazama tu. Nilingoja anikonyeze, nikadhani amechoka na mchezo wake.

Daktari alipotuambia, majira ya joto yalikuwa yanakwisha. Alisema laiti tungempeleka mapema angalau kidogo. Majuto ni mjukuu, Noelia, na sasa nimekaa nayo jikoni kila jioni. Yeye alijifanya msahaulifu ili kukuficha wewe, na usahaulifu wenyewe ulipokuja hakuna mmoja wetu aliyeutambua.

Sasa msimu wa kupanga mafuta umefika tena. Kichochoro kizima kinanuka kitunguu saumu. Hodhi letu liko wazi, maana sijui nilifanye nini. Wiki iliyopita nilimtafuta babu chumbani hayupo, nikashuka chini, nikamkuta ameinamia ukingo wa hodhi analia. Mimi sikuwahi kumwona baba yangu akilia, hata tulipomzika mama.

Akaniambia ameharibu. Isolina kamwachia kitu kimoja tu cha kutunza, naye akakimwagia dawa. Ule uongo aliowaambia majirani ndio umebaki kichwani mwake, Noelia, na ukweli umeondoka. Kila siku anaukumbuka uongo huo upya na kuusikitikia upya. Amemwomba radhi Silvano. Amemwomba radhi Orlanda mlangoni kwake, amevua kofia, na Orlanda mwenye mdomo wake ule alirudi ndani akajifungia.

Nimemwambia ukweli mara nyingi, lakini hanisadiki. Jana nilimshika mikono yote miwili, nikamwambia polepole kwamba si yeye, ni Noelia, na alifanya kwa mapenzi. Akanyoosha mgongo, akanitazama kwa ile hasira yake ya enzi za mlimani.

"Usimsingizie mtoto," akaniambia. "Hayupo hapa kujitetea."

Basi mimi nimeshindwa. Nakuomba uje, mwanangu, na uje upesi, kabla hajafika mahali ambapo hata sura yako haitamwambia kitu. Simu haitafaa, sauti ya simu inamtisha siku hizi. Uje uketi naye kule chini, umwambie kwa mdomo wako kwamba ni wewe uliyelisugua na yeye alikusuuzia tu. Sitaki umwombe msamaha, alishakusamehe kabla maji hayajakauka. Nataka tu umtue mzigo ambao si wake. Pengine wewe atakusikiliza, na pengine itabidi umwambie tena kesho yake.

Msalimie sana kaka yangu Fausto, mwambie hasira zake azipunguze, na mama yako Marcela, na mdogo wako Bruno. Silvano anakusalimu, na Orlanda pia, kwa hiari yake, sikumwomba.

Babu yako naye anakusalimu. Aliponiona naandika aliuliza ni kwa nani, nikamwambia ni kwako. Akanisihi nikuambie kwamba hodhi la bibi yako ameliharibu yeye, usije ukasikia kwa watu ukamchukia.

Mungu, ambaye babu yako hakumtaka kamwe nami namtegemea kwa niaba yetu sote wawili, akufungulie njia na akuvushe salama.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikikuudhikia,

Zelinda