Chumvi Kwenye Vigingi

Jumatatu, 4 Agosti

Mjukuu wangu kaja na mashine ya ofisi kutafuta maji chini ya kiwanja changu. Vigingi vinne vya chuma, nyundo ko! ko! ko! Viwili vya katikati havisogei. Viwili vya nje anavipeleka mbali zaidi kila akishasoma namba — eti ndivyo umeme wa mashine unavyozama chini zaidi. Ardhi kavu inaukataa, namba inapanda; mbichi inaupitisha, namba inashuka. Kila kigingi anakinyunyizia maji ya chumvi kwa chupa, umeme usigome kuingia. Mimi darasa la nne tu, lakini hilo nimelielewa.

Wifi yangu kasimama uani, mikono kiunoni. Kwake walipima wiki jana. Kisima ni kimoja tu kwa watu wote, kwangu au kwake. "Wifi, huku kwako mawe matupu!" Nikamjibu atakuja hapa na ndoo yake, na ataomba kwa adabu. Watu wakacheka. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Betri imeisha. Vigingi vimelala humo humo, atamalizia kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya jambo. Alfajiri, mjukuu wangu kalala — ndoo mbili za maji, pakiti nne za chumvi. Nikamimina kwenye vile vigingi vya katikati. Kama chupa inasaidia, ndoo je? Nikatandaza udongo mkavu juu. Nikajiona nina akili!

Namba zikaporomoka. Mjukuu kagonga mashine, kakagua waya wote. Anasema za jana na za leo haziungani. Nikamfokea mbele ya wifi: umesomeshwa miaka yote hiyo, namba zikushinde? Kainama kukunja waya.

Nilimfokea ya nini?

Jumatano, 6 Agosti

Kutwa yuko mezani na kompyuta. Anaijengea ardhi matabaka: udongo mkavu, mfinyanzi, mwamba, chini yake mwamba uliopasuka wenye maji. Kompyuta inachora mstari, na mstari unakwepa vitone vyake. Anabomoa, anajenga upya. Nimempelekea chai. Kando ana karatasi; unene wa tabaka la pili kaufuta na kufuta hadi imetoboka. "Bibi, labda kweli sijui kazi."

Ningesema pale pale. Nikamsogezea sukari. Mimi niliyewachapa wanangu wote kwa kusema uongo!

Aliomba kurudia kupima. Bosi wake kwenye simu, namsikia hadi jikoni: mashine inangojwa kwingine, namba za jana zinaonyesha maji, tumia hizo, weka saini.

Kaweka. Mtambo wa kuchimba unakuja Ijumaa. Kwangu.

Jioni wifi kaja kunipongeza. Kanishika mikono yote miwili. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijasema. Jua kali. Nimeenda kufagia pale mara tatu. Udongo umegeuka mweupe kwa chumvi. Nafagia, weupe unarudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mtambo umefika na lori la mabomba. Watu wamejaa, ndoo mkononi utadhani maji yameshatoka! Wifi kaniletea kiti nikae mbele. Nikakaa. Aibu gani hii, nikakaa!

Mtoto kaenda kumwonyesha dereva wa mtambo mahali penyewe. Kachuchumaa. Kakwangua ule weupe kwa ukucha, kaonja. Kisha kasogea hadi tundu la kigingi cha pili, kaonja tena. Kainua kichwa, kanitazama, mimi peke yangu kati ya watu wote wale.

Nimekimbilia chumbani. Miaka yangu hii, nakimbia! Mlango nimeukomea. Naandika ili mkono upate kazi.

Namsikia dereva: wapi sasa, dada, nianze? Naye: subiri kwanza. Wifi anauliza kuna nini, bibi yako kapatwa na nini. Saini ni ya mjukuu wangu. Shimo likitoka kavu watamtafuta yeye.

Anagonga. Nilidhani ataniita Bibi.

"Mama mwenye kiwanja," anasema, sauti ya ofisini kabisa. "Mpimaji ana swali moja. Nje, mbele ya watu."

Komeo hili lilikuwa jepesi asubuhi —