Matokeo Niliyomshushia Zephania

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Siku ya tisa tangu tumzike mume wangu. Wageni wamepungua. Makande ya msiba yamechacha, nimewapa kuku.

Saa tisa mchana miguu ikaenda yenyewe kule juu jiweni. Chome yetu hii, intaneti inakamata pale tu. Miaka yote Zephania alipanda, simu mkononi, kufuata besiboli ya Japani. Mpare na besiboli! Yule mwalimu Mjapani aliyewafundisha yeye na rafiki yake Salimu sekondari kule Same aliwaroga, nasema. Wenzake wanagombania Simba na Yanga, yeye kimya na timu yake ambayo hakuna anayeweza hata kuitamka.

Saratani ya koo ilipomlaza nikapanda mimi. Nasoma matokeo, nashuka, namwambia. Leo nimefika jiweni ndipo nikakumbuka hakuna wa kumshushia. Nimelia kama mtoto. Jirani yangu Hedwiga akapita na kuni, akajifanya hanioni. Mungu ambariki.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mwanangu Rodrick kapiga simu. Mkewe Blessing kajifungua. Dume! Nikapiga kigelegele jikoni peke yangu, halafu nikakikata katikati. Nyumba ya msiba hii.

Mjukuu wa kwanza wa kiume. Kwetu hilo halina kikao — anachukua jina la babu yake.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kaja shemeji Aminieli, kaka mkubwa wa marehemu. Nikamwambia Zephania mdogo kazaliwa. Akatikisa kichwa. Umesahau, shemeji?

Sijasahau. Nilikuwa najaribu bahati. Wiki ile ya mwisho Zephania alituita kitandani, sauti imebaki upepo tu. Akasema timu yake imekuwa bingwa, basi mtoto atakayezaliwa na Blessing asipewe jina lake, jina la mgonjwa. Aitwe Ushindi. Akacheka, jamani! Akacheka mpaka akatapika damu.

Aminieli anasema neno la mtu anayekufa ni wosia. Ukilipindua, mtoto ndiye anayeumia. Mzee huyo hapindiki.

Jumapili, 13 Oktoba
Niandike tu, hapa hasomi mtu.

Hawakuwa mabingwa. Tangu Agosti walikuwa wanapigwa kama ngoma. Siku ya kwanza nilimwambia kweli, kumi kwa moja. Akageukia ukutani, uji hakuugusa. Kesho yake nikasema wameshinda. Akanywa kikombe kizima! Kikombe kizima, mtu ambaye hata maji yalikuwa yanamkwama. Basi nikawa nashinda kila siku. Septemba nikawapa na ubingwa kabisa.

Walimaliza wa mwisho.

Sijutii ule uji. Ila nimemnyang'anya mume wangu jina lake, na hilo linanichoma.

Jumatano, 23 Oktoba
Nilikwenda kwa mchungaji kusema yote. Nikaishia kumwuliza habari za paa la kanisa.

Jumamosi, 2 Novemba
Kesho ubatizo. Mtoto kaletwa. Masikio ya babu yake, yale yale yaliyosimama! Nimemshika nusu saa nzima.

Salimu kapanda kutoka Same kutuchinjia mbuzi, ili tule wote, Wakristo na Waislamu. Nilifurahi kumwona. Mjinga mimi! Sikuwaza kwamba yeye naye hufuata kila mechi.

Tumekula. Aminieli akamwambia, wewe ndiye shahidi, tusimulie timu ya marehemu ilivyotwaa ubingwa, watu wajue jina la mtoto limetoka wapi.

Salimu akauliza, ubingwa gani?

 Akanitazama, akaelewa, maskini, akaanza kukohoa. Labda shemeji anajua zaidi, akasema. Mimi nikasema chai inachemka.

Chai yenyewe sijabandika. Nimesimama jikoni, daftari juu ya debe la unga. Njia ya mwongo fupi — yangu imeishia sebuleni kwangu. Nikisema kweli, watajua Zephania alikufa akishangilia uongo wa mkewe, na Rodrick hatanisamehe. Nikinyamaza, kesho maji yakishamwagwa kichwani ndiyo basi, jina la mume wangu limezikwa naye.

Aminieli ananiita. Mara ya pili hiyo.

Blessing kaingia na mtoto begani. Kauliza polepole, mama, kwani walishindwa?

 Nimenyoosha mikono, kanipa mtoto. Naandika kwa mkono mmoja. Nimemwita Zephania. Si kwa kunong'ona — kwa sauti, Zephania, mlango ukiwa wazi.

 Kiti kimesukumwa sebuleni. Ni fimbo ya Aminieli hiyo inayogonga sakafu, inakuja huku, na Blessing kasogea kusimama mlangoni, kamzibia njia.