Kilima Kinachocherewa

Na huyo mume wangu, mdogo wangu Barasa, ndiyo kwanza nimeanza kukusimulia. Kizito huniita "nyabo", kama bibi mkubwa wa watu, hata nikiwa nimeinama na ufagio. Akirudi kazini hunusa shingo yangu kabla hajavua viatu. Ninampenda mpaka naona aibu mbele ya majirani. Ndiyo maana naogopa hivi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka shule Kamwokya, wenzetu wote wametangulia, nami nimesimama kwa mama wa chapati nikikungoja? Miguu ilikuuma, lakini hukutaka kuonewa huruma. Ulimwigiza mwalimu wetu Mganda: "Nakuja, dada, nacherewa kidogo tu." Nilicheka mpaka vitabu vikaanguka. Jioni, mama akikukanda kwa maji ya moto, hukumwigiza mtu. Selimundu ilikuchukua kabla hujaota zile ndevu ulizozitafuta kila asubuhi kwenye kioo.

Sasa mimi na Kizito tunataka mtoto. Nilipomweleza habari zako, akasema twende tukapimwe wote wawili.

Tulienda leo, maabara moja upande wa Kyambogo. Mama mmoja mcheshi alinionyesha bomba fupi wanaloliita kolamu. Ndani yake, alisema, kuna kipande kimoja cha plastiki chenye vitundu tele, kama sifongo iliyokauka. Plastiki ile ina chaji hasi, kwa hiyo protini za damu zenye chaji chanya hunata humo. Kisha hupitishwa maji ya chumvi, chumvi ikizidishwa taratibu, na kila protini huachia kwa zamu yake na kuchora kilima kwenye skrini. Ile ya selimundu hung'ang'ania zaidi. Hutoka nyuma ya ile ya kawaida.

Damu yangu ikapita. Kilima kikapanda, kikashuka. Nikaushika mkono wa Kizito nikidhani nimepona.

"Bado, nyabo," yule mama akasema. "Kuna kingine kinacherewa."

Neno lile lile, Barasa, na r ile ile. Kilima cha pili kikapanda, kifupi kuliko cha kwanza, nami nikawa kama nakuona unakuja nyuma yangu na mkoba wako.

"Wewe huumwi," akanieleza. "Umeibeba tu. Tuone ya bwana."

Umeme ukakatika kabla ya zamu ya bwana. Atarudi kesho. Naye akiwa ameibeba, kila mimba yetu itakuwa na hatari ya kutupa mtoto wa kukandwa miguu.

"Hata vikitoka vilima kumi, mke ni wewe," ameniambia njiani.

"Nyamaza, usiite vilima."

Sasa yuko jikoni anakaanga mayai huku anapiga mluzi, nami moyo unanienda mbio kwa kila mluzi. Naogopa kumzaa mtoto wa kuumwa kama wewe, na papo hapo natamani nikuone tena, wewe huyo huyo. Sijui mtu hubebaje yote mawili.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Tororo, mimi na Kizito, tukae kando ya kaburi lako nikuambie damu yake ilitoa kilima kimoja au viwili. Tukicherewa kidogo, ningoje, kama nilivyokuwa nikikungoja.

Dada yako